Mshoni wa Siku

Tarehe 12 Januari

Kwa mwanangu Kidoti,

Salamu hizi zikukute mzima, umeshiba na umevaa vizito, maana nasikia baridi ya huko haina adabu, inaingia bila hodi. Mimi huku sijambo. Nakohoa kohoa kama redio inayotafuta stesheni, lakini sijambo. Msusi wa nyumba ya mbele anakusalimu, na kinyozi naye anakusalimu, ingawa sidhani kama anakukumbuka. Yeye husalimu kila mtu.

Kabla sijasahau, nina ombi. Tuache simu kwa muda, tuandikiane. Simu inanipigia kelele, nasikia nusu nakisia nusu, halafu nashinda siku nzima nikijiuliza kama ulisema umepandishwa cheo au umepandwa na homa. Barua haina haraka. Naweza kuisoma mara ya pili na wewe hujakata.

Habari kubwa ya huku ni kwamba nilipata wageni kutoka stesheni ya redio. Alikuja kijana mmoja mwenye viatu vyeupe pe, sijui alipitaje kwenye tope letu, na binti mwimbaji aliyekaa kwenye ncha ya kiti kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Wanataka kulirekodi upya shairi letu, liimbwe, lipigiwe gitaa. Wanasema ule mkanda wa zamani umechakaa, unakwaruza. Yule kijana alikuja na kitabu cha darasa la nne anionyeshe jinsi shairi linavyoheshimiwa. Nikafungua. Chini ya beti tatu pameandikwa: mtunzi hajulikani. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nikachukua kalamu yake nikaandika jina langu pale pembeni. Akaona haya, masikini, akasema atawaambia wahusika.

Lakini nadhani ni kweli, halinihusu tena. Limeshakuwa la watu. Kiwanda cha magodoro kimeandika "Siku yako aishona" kwenye kila godoro. Mtu akikesha anasema, "Mshoni hakunipitia." Kwenye magazeti, ukurasa ule wa picha za marehemu, mara nyingi naona: mshoni amempitia. Hata yule mgombea wa mwaka juzi alisimama jukwaani akasema yeye ndiye mshoni aliyekuja kutushonea mtaa, na watu wakamjibu, "Basi tupishe tulale!" Na fundi cherehani wetu wa kona, unamkumbuka? Watoto walikuwa wanakimbia wakimwona na futi shingoni, wanadhani atawafuata vyumbani. Alikasirika miaka miwili, halafu akaja akaniomba ruhusa ya kuandika ubeti wa kwanza kwenye mlango wa duka. Mpaka leo upo:

Usingizi ni mshoni,
futi yake i shingoni,
sindano i mkononi,
siku yako aishona.

Jioni, saa ya watoto ikifika, redio za mtaa mzima zinafunguliwa. Nasikia sauti yangu kutoka kwa msusi, kutoka kwa kinyozi, kutoka ghorofani kwa wale wapangaji wapya, kila sauti nyuma kidogo ya nyingine, kama mtu anayejiita mwenyewe na haitiki. Kisha wanazima, watoto wanalala, na mtaa unanyamaza. Hapo ndipo nyumba inakuwa kubwa.

Nimewaambia wale wageni nitafikiri. Wewe unasemaje? Lilikuwa lako kabla halijawa la mtu mwingine.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mama yako


Tarehe 3 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini kile kikohozi kimekwisha. Usikizoee. Watu wa kwetu wana tabia ya kuuzoea ugonjwa kama mpangaji asiyelipa. Nenda hospitali, tafadhali.

Mimi mzima. Bado niko kwenye chumba kile cha juu ya duka la dobi, sakafu ina joto la mashine zao, na hiyo ndiyo bahati niliyo nayo. Dirisha linatazama ukuta. Kazini bado niko zamu ya jioni. Wewe hujawahi kuona nyumba ya wazee, ngoja nikueleze. Ni korido ndefu yenye milango ishirini na kitu, na kila mlango una mtu aliyekuwa na kazi yake. Mimi ndiye ninayewalaza. Dawa, meno kwenye glasi, soksi, mto, haya, lala salama. Wengi wananiita kwa majina ya watoto wao. Ninaitika.

Kuna mama mmoja alikuwa hakimu. Mwili umekwisha lakini kiti hajakiachia. Kila jioni nikimwambia alale ananihukumu. "Miezi sita!" Nikimvua miwani, "Mwaka mmoja, na faini!" Juzi nilimmwagia chai kwenye blanketi, akanipa kifungo cha maisha. Nikamwambia, mheshimiwa, hicho ninacho tayari. Alicheka, lakini hakulala. Halali yule mama. Anakaa macho wazi, ameshika ukingo wa shuka kama mtu anayehofia kuporwa.

Mama, nikuambie ukweli. Siku zangu za mapumziko zinapita sijafungua mdomo. Juzi nilimkanyaga mtu dukani nikamwambia samahani, nikashtuka kwa sauti yangu, nikajiuliza ni nani huyo. Kwa hiyo barua ni sawa, lakini simu usiiache. Wakati mwingine sina neno, nataka tu kusikia mtu akiniita Kidoti.

Kuhusu shairi, wape. Waweke gitaa, waweke na tarumbeta. Unajua mimi na shairi lile hatupikiki chungu kimoja. Shule nzima ilikuwa inaniuliza, "Wewe ndiye yule aliyekataa kulala?" Na sijawahi kukuambia hili: mwanamume wa kwanza aliyetaka kunioa alinisomea beti zote tatu mgahawani, macho kayafumba kwa hisia. Niliondoka kabla hajayafumbua.

Unasema lilikuwa langu. Sijui lilikuwa langu lini.

Mwanao,
Kidoti


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Kikohozi kimepungua, usinitie hospitali kila barua.

Nimecheka habari ya mchumba. Miaka yote nilidhani ulimkataa kwa sababu ya yale masharubu.

Unauliza lilikuwa lako lini. Sikia. Ulikuwa na miaka mitano, baba yako ana miezi michache tangu tumzike. Ulirudi kutoka kucheza goti limechubuka, na kamba ya gauni imekatika. Nikakuosha, nikakulaza, ukakataa. Nilikubembeleza, nikakutisha, nikakuahidi sukari. Hukutaka. Mwisho ukaniambia ulimcheka mwenzako kwa sababu viatu vyake vilikuwa vya kaka yake, na yeye akalia, na sasa siku imeharibika na huwezi kuilalia. Ndivyo ulivyosema: "Siwezi kuilalia." Kama vile siku ni gauni lenye pini.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka ulale nikafue. Nilikuwa nakushonea ile kamba, nikaanza kusema chochote kilichokuja, kufuata mwendo wa sindano:

Goti lililochubuka,
chozi lililokutoka,
mwenzako ulomcheka,
vyote pamoja ashona.

Ukalala kabla sijakata uzi. Hapakuwa na redio, hapakuwa na kitabu. Tulikuwa wawili.

Mjaribu huyo hakimu wako. Asiyelala mara nyingi haogopi usingizi, anaogopa kuiacha siku jinsi ilivyo.

Wale wa stesheni nimewakubalia. Na simu, mama, tuiache kwanza. Nakuomba.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Shikamoo.

Nimekupigia Jumapili. Najua ulisema nisipige, nikapiga. Nilikuwa na homa, nimelala na koti, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku niliogopa. Ukapokea. Nikasema, "Mama." Nikasema tena, "Mama, ni mimi, Kidoti." Nilikusikia unapumua. Nilisikia na msusi akimwita mtu kule nje, kwa hiyo usiniambie mtandao ulikuwa mbaya. Ukawa unagonga gonga kitu, kama mtu anayechoshwa na mgeni asiyeondoka. Halafu ukakata.

Kama nimekukosea, niambie kosa. Barua zako ni tamu kabisa, utani tele, mapenzi tele, lakini ukisikia sauti yangu unanyamaza. Mimi ni wa kusomwa tu?

Basi na mimi niseme. Unanihadithia jioni moja ya kamba ya gauni. Na zile nyingine? Ulipoanza kusoma redioni nilikuwa bado sijaanza shule. Kila jioni jua likigeuka unavaa viatu vya kutokea, unapaka mafuta midomo, unaniacha kwa jirani wa chumba cha pili. Naye ananilaza kwenye mkeka wake, anafungua redio, ananiambia, "Haya, msikilize mama yako." Nikawa nakusikiliza. Watoto wa nchi nzima walilazwa na mama zao wakisikiliza redio. Mimi nililazwa na redio nikimsubiri mama. Nilikuwa naiita. Nilikuwa naweka mdomo kwenye kile kitambaa cha spika, nakuita, nawe unaendelea kusoma.

Ndiyo maana silipendi, Mama. Si kwa sababu ya watoto wa shule. Ulinitungia, halafu ukaondoka nalo.

Homa imepona. Usijali.

Mwanao


Tarehe 4 Mei

Mwanangu, Kidoti wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Ni kweli umepona? Uliyenaye huko wa kukupikia uji ni nani? Najua jibu, na linanikaa hapa kifuani.

Nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaacha. Sasa naiandika hadi mwisho.

Sikukunyamazia. Sina sauti.

Kile kikohozi kilikuwa ni kitu kwenye koo, tangu mwaka jana. Nilikwenda hospitali Oktoba, mwenyewe. Daktari alikuwa mtu mpole, alinichorea koo kwenye karatasi, akaniambia kitu kile kimekaa kwenye sauti yenyewe, na wakikiondoa watakiondoa na sauti. Wasipokiondoa kitaniondoa mimi. Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia nimestaafu. Sikuona haja ya kumwongezea mzigo.

Siku ya upasuaji walinilaza kwenye kile kitanda chembamba, baridi, taa usoni. Daktari wa dawa ya usingizi alikuwa kijana, barakoa hadi machoni. Aliona natetemeka. Akanishika bega akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, "Haya, Mama,

fumba macho umpishe,
pumzi yako ishushe,
uzi usimkatishe,
asubuhi utaona."

Hakujua anamwambia nani, mwanangu. Ndivyo wanavyowaambia wagonjwa wote siku hizi. Nilitaka kumwambia nani kayaandika, na hayo yangekuwa maneno yangu ya mwisho. Kisha nikaona, aa, maneno ya mwisho ya kujisifu? Nikamwambia, "Asante, baba." Basi. Hayo ndiyo ya mwisho.

Sasa nina tundu chini ya koo, napumulia hapo, nalifunika kwa kitambaa chepesi. Nina kibao na chaki. Sokoni wakiona siongei wanadhani na masikio yamekufa, wananipigia kelele, "NYANYA MAMA! ZIMEIVA!" hadi watu wa mtaa wa pili wanakuja kununua. Msusi na kinyozi walinificha siri, niliwaandikia kwenye kibao kwamba atakayekuambia hatanizika.

Niliogopa ungekuja. Niliogopa pia usingekuja. Nikaona bora usijue.

Siku uliyopiga, niliona jina lako na mkono ukatangulia kichwa. Ulipoita nilifungua mdomo. Umri wote huu nimefungua mdomo na sauti ikatoka, nikasahau. Halafu nikagonga kwa ukucha kwenye simu, nikidhani utaelewa. Ungeelewaje? Nilikata kwa sababu ulianza kulia, na mimi nikiwa nimekushika mkononi siwezi kukuambia nyamaza.

Kuhusu zile jioni. Siombi radhi kwa kufanya kazi. Baba yako alikuwa kaburini, na nilikuwa karani wa stesheni anayepiga chapa barua za wengine. Msomaji wa kipindi cha watoto alipougua, wakaniuliza kama nina chochote cha kusoma. Nilikuwa nacho kile kimoja. Walinipa kipindi, na kipindi kilitulisha. Hilo silifuti.

Lakini kuna jambo ambalo hukuwa na njia ya kulijua, maana redio haina macho. Siku ya kwanza fundi mitambo aliniambia, ukikifikiria kipaza sauti utatetemeka, ukiwafikiria watu wote utapayuka. Mfikirie mtoto mmoja. Nikamfikiria mtoto mmoja. Kila jioni, miaka yote, nilisoma kwa mtoto mmoja aliyelala kwenye mkeka wa jirani. Wale wengine walikuwa wanadoea tu.

Nikirudi nakukuta umelala, nakubeba nakuhamishia kitandani kwetu, na hukuwahi kuamka.

Ulikuwa unaniita. Sikujua. Hilo nimelisoma kwenye barua yako, na tangu siku hiyo redio za mtaa zikifunguliwa naingia chumba cha nyuma.

Mama yako


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Mama,

Mama yangu.

Barua yako niliifungua ngazini, nikaisoma nimesimama hadi taa ya ngazi ikajizima. Siwezi kuandika vizuri. Unaendeleaje? Unameza? Unalala upande gani? Nani anakusafishia hilo tundu? Mimi, mimi hii ndiyo kazi yangu, Mama! Ninawasafishia wageni. Ninajua mrija, ninajua chachi, ninajua kila kitu, na wewe unajisafisha mwenyewe kwenye kioo kile chenye ufa.

Nilikwenda kazini hivyo hivyo. Nikaingia stoo ya mashuka nikajifungia, nikalia ndani ya taulo. Kisha zamu ikaendelea, maana haimsubiri mtu.

Nilipofika kwa Hakimu alikuwa amekaa macho wazi, mikono kwenye shuka. Akasema, "Umechelewa. Miezi mitatu." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Haturuhusiwi kukaa. Nikaanza kumsomea, kwa lugha yetu, yeye asiyejua hata neno moja. Beti zote. Sikuwa nimeyatamka maneno yale tangu utotoni, nikadhani nitakwama. Sikukwama. Yalitoka na mahali pako pa kuvuta pumzi, pale kabla ya "vyote pamoja".

Nikasikia mtu mlangoni ananifuatisha. Ni kaka mmoja anayeosha vyombo jikoni, amesimama na beseni la vikombe. Sikujua kama ni wa kwetu, huku sote tunaitana kwa vitengo. Tukamaliza pamoja. Hakimu alitutazama, mmoja, wa pili, kisha akatamka polepole, "Ombi limekubaliwa." Akafumba macho. Mama, alilala.

Yule kaka akaniambia pale koridoni, "Ile ni ya wahenga." Nikamwambia, "Ni ya mama yangu." Akacheka, akasema kila mtu hudhani hivyo.

Nataka kuja. Lakini kibali changu cha kuishi huku kiko mezani kwa watu wa uhamiaji, na nikitoka kabla hakijatoka mlango umefungwa, sirudi tena. Nimeuliza, nimeuliza tena. Nipe muda kidogo nifikiri. Usife, tafadhali. Samahani kwa kuandika hivyo.

Na samahani kwa ile barua ya Machi. Si kwa yote. Kwa ule mwisho wake.

Mwanao,
Kidoti


Tarehe 2 Julai

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi. Nameza, kwa taratibu. Nalala upande wa kulia. Tundu ananisafishia nesi wa zahanati kila wiki, na siku nyingine najisafisha, na kioo kile chenye ufa nakipenda. Natumaini Hakimu bado anakufunga.

Nilikwenda studio. Binti mwimbaji alinifuata nyumbani, akasema hawezi kurekodi nisipokuwepo. Pale siku hizi kuna mazulia hadi kutani. Akaimba. Sauti kama maji ya mtungi, lakini alikuwa anakimbia, anawahi mwisho kama mtu mwenye chakula jikoni. Wote wakapiga makofi. Mimi nikatikisa kichwa. Wakaniletea kibao, niandike. Nitaandikaje pumzi? Nikamwita akae, nikamshika kiganja, nikamgonga kwa kidole, polepole, mahali pa sindano kuingia na mahali pa uzi kuvutwa. Alifumba macho. Akaimba tena, bila gitaa, mkono wake kwangu. Yule kijana wa viatu vyeupe akasahau kuzima mashine. Hiyo ndiyo waliyoichukua.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Sikuingia chumba cha nyuma, nilikaa dirishani. Redio zikafunguliwa. Ikatoka sauti ya yule binti. Nzuri, Kidoti, nzuri kweli. Kinyozi akasema kwa nguvu, "Huyu siye!" Msusi akamjibu, "Nyamaza, watoto wanasikiliza." Na wakasikiliza. Wakalala. Hakuna mtoto aliyeuliza yule mama kaenda wapi.

Nilidhani nitaona wivu. Sikuona. Ila nilikuwa nimezoea kuishi na yule mwanamke mwenye sauti. Alikuwa akija kila jioni, anasema maneno yake, ananiaga. Sasa na yeye ameondoka. Nimebaki na mimi huyu anayepuliza shingoni kama birika.

Umesema unafikiri juu ya kuja. Nimefikiri pia. Usije, mwanangu. Usiache kibali chako kwa ajili ya kunitazama. Mimi na wewe tumekuwa watu wa maneno maisha yetu yote. Tulipendana kwa maneno, tukagombana kwa maneno. Utakaa kiti hiki, mimi kile, siku ya kwanza utaniuliza nikuandikie, ya pili utachoka kusubiri chaki, ya tatu utatoka nje kwenda kuongea na msusi. Sitakulaumu. Lakini nitakuona ukitoka. Heri nikukose ukiwa mbali kuliko kukukosa ukiwa sebuleni.

Kaa huko. Niandikie.

Mama yako


Tarehe 15 Septemba

Shikamoo Mama,

Natumaini unameza vizuri na mfadhaiko niliokupa kwa kukaa kimya hivi haujakudhuru. Sijakuandikia Julai yote wala Agosti. Nilikuwa na mtu.

Wiki ile barua yako ilipofika, Hakimu alipoteza maneno. Asubuhi alimhukumu mpishi, mchana alipatwa na kiharusi, jioni nilimkuta ananitazama na mdomo haufanyi kazi. Hakuna miezi sita, hakuna faini. Mwanawe alikuja mara moja, akakaa, akaongea kuhusu barabara na foleni, akatazama saa. Alipoondoka alikuwa analia. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu afanye nini na kimya.

Mimi mwanzoni sikujua pia. Nilimsomea shairi, akawa anageuza uso ukutani. Nikaelewa kwamba maneno yoyote, hata yale, yalikuwa yanamkumbusha. Nikaacha. Nikawa nikimaliza milango yote narudi kwake, nakaa. Zamu ikiisha nakaa. Siku za mapumziko nilikuwa navaa koti nakwenda, nakaa. Tulitazama mvua. Alijifunza kusukuma kikombe kwa kidole, maana yake hataki. Akikivuta, anataka. Nikichelewa alikuwa ananibana kidole gumba, kwa nguvu hasa, na nikajua hiyo ni miezi sita. Nikacheka naye akacheka, mabega tu. Mama, kwa miaka yangu yote huku sijawahi kuwa na mtu kama nilivyokuwa na yule mama katika wiki zile, na hatukusemezana neno.

Alifariki Jumanne, mchana, tukiwa wawili. Hakubana kidole. Aliachia shuka.

Msimamizi alinipa kazi ya kutandua kitanda. Nikatandua, nikakunja, nikageuza godoro. Alasiri ileile nikaenda ofisini kwake nikamwambia naacha kazi. Akaniuliza kama nimepata mahali bora. Akanikumbusha habari ya kibali, kwamba nikitoka nimetoka. Alikuwa anasema kwa wema. Nikamwambia ninajua.

Kwa hiyo nakuja. Nitafika Alhamisi ya tarehe 28, basi la mchana, kama halitaharibika. Usije kunipokea, jua ni kali na vumbi si zuri kwa tundu lako. Nimekununulia vitambaa vya kufunika, laini, vya rangi, hivyo vyeupe vya zahanati vinakufanya uonekane kama mgonjwa. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe, nikiondoka tu anaingia mtu mwingine. Usinijibu, barua haitanikuta.

Uliandika nisije kwa sababu nitachoka. Labda. Tutagombana, hilo nina hakika, nimekaa peke yangu muda mrefu na nina tabia za ajabu, nakula nimesimama na naongea na birika. Siku nyingine nitakwenda kwa msusi, ndiyo, na nitarudi. Ila usiogope kwamba sitajua nifanye nini na wewe. Miaka yote hii, Mama, nimelipwa kukaa na kimya cha watu.

Chako nitakaa nacho bure.

Mwanao,
Kidoti